Vidonda Visivyosikia Dawa

Katika nchi ya Abagusii, tangu Ogembo na Tabaka hata Keroka na Ekerenyo, hapana mtu mzima asiyejua jipu. Ngozi huvimba mahali pamoja, hupata moto, huuma usiku kucha, kisha huiva na kutoa usaha. Watu wengi huliona kuwa ni jambo dogo, na mara nyingi ni dogo kweli. Lakini kijidudu kiletacho jipu la mtoto nyumbani ndicho kile kile kiingiacho katika kidonda cha mtu aliyepasuliwa hospitalini, au katika mfupa wa kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, na huko si jambo dogo tena. Tena kijidudu hiki kimepata nguvu za kuzishinda dawa nyingi zilizokuwa zikikiua. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti za Kisii na Nyamira zilikuwa na watu 1,872,436, na hospitali kubwa za kuwapokea ni chache. Yafaa basi habari za kijidudu hiki zijulikane na wote, wala zisiachiwe madaktari peke yao.

Kijidudu chenyewe

Aliyekitambua kwanza kuwa ndicho chanzo cha usaha ni daktari mpasuaji wa Aberdeen katika Uskoti, jina lake Alexander Ogston. Mwaka 1880 alitazama usaha wa majipu kwa darubini akaona vitu vidogo vya mviringo vimeshikamana mafungu mafungu, akavipa jina la stafilokoka, maana yake katika Kiyunani ni mbegu zilizo kama kishada cha zabibu. Mtu wa Kisii asiyewahi kuona zabibu na afikiri matunda ya mkahawa yalivyosongamana tawini. Sura yake ni hiyo hiyo. Kila kimoja ni kidogo mno, hata 1,000 vikipangwa mstari mmoja vitafika kiasi cha milimita 1 tu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kijidudu hiki hakikai kwa wagonjwa tu. Katika kila watu 100 wazima wa afya, kama 30 hivi wanacho puani mwao, na wengine wanacho makwapani au mikononi, wala hawana habari. Ngozi nzima ni ukuta, na nje ya ukuta huo hakina madhara. Shida huanza ukuta unapotoboka. Kisu cha mpasuaji, sindano iliyowekwa mshipani kwa ajili ya dripu, mpira wa mkojo, moto wa jikoni uliomchoma mtoto, yote hayo hufungua mlango. Kikiisha kuingia katika damu chaweza kufika mapafuni, katika mifupa, hata katika moyo. Tena huzaana upesi. Kipatapo joto na chakula, kimoja huwa viwili kwa muda wa nusu saa hivi, na kwa mwendo huo, baada ya saa 10 kimoja kitakuwa kimezidi 1,000,000.

Abagusii ni watu wa upasuaji tangu zamani. Mafundi wao, waitwao ababari, walikuwa wakipasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu la mtu aliyeumwa kichwa bila kupona baada ya kupigwa au kuanguka, na madaktari wa kigeni waliandika habari za kazi hiyo katika miaka ya 1950 na 1960 kwa mshangao mkubwa. Katika kazi kama hiyo hatari ni mbili, nazo ni kutokwa na damu nyingi na kuingiwa na usaha. Hospitali kuu ya Kisii, ambayo asili yake ni mahali pa kutibia askari mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilianza kazi katika hatari hizo hizo, maana wakati ule hapakuwa na dawa yoyote duniani iwezayo kuua kijidudu cha usaha ndani ya mwili bila kumdhuru mgonjwa.

Penisilini ilivyoanza, na ilivyoanza kushindwa

Dawa ya namna hiyo ilipatikana kwa kijidudu hiki hiki. Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Alexander Fleming alikuwa akiotesha stafilokoka katika visahani vya kioo. Kisahani kimoja kiliingiwa na ukungu, kama ule uotao juu ya mkate uliochacha, naye akaona kwamba kando ya ukungu ule vijidudu vimekufa. Maji ya ukungu huo akayaita penisilini. Ilichukua zaidi ya miaka 10 hata wenzake wa Oxford, Howard Florey na Ernst Chain, pamoja na Norman Heatley, walipopata njia ya kuitoa dawa hiyo safi.

Mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa wa namna hii kutibiwa nayo alikuwa askari polisi wa Oxford, Albert Alexander, ambaye uso na kichwa chake vilijaa majipu. Alidungwa sindano ya kwanza tarehe 12 Februari, 1941, na kwa siku chache akapata nafuu hata akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa haba mno. Ilibidi mkojo wake ukusanywe ili dawa iliyopita mwilini ikamuliwe na kutumiwa tena. Ikaisha kabla vijidudu havijaisha, ugonjwa ukarudi, naye akafa tarehe 15 Machi. Yeye alikufa kwa uhaba wa dawa. Wale wa siku hizi wako katika hali nyingine kabisa, maana dawa wanazo nyingi na kijidudu hakizisikii.

Hata kabla ya askari yule kutibiwa, Chain na mwenzake Edward Abraham walikwisha kutangaza, mwaka 1940, kwamba viko vijidudu vyenye kutoa kitu cha kuivunja penisilini. Na Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mjini Stockholm mwezi Desemba 1945, alionya kwamba itafika siku dawa hii itauzwa dukani kwa kila atakaye, na mtu asiyejua atakunywa kidogo kisichotosha kuua, na vijidudu vitakavyobaki vitakuwa vimezoea. Akatoa mfano wa mtu anayejitibu hivyo, kisha akamwambukiza mkewe vijidudu vilivyozoea dawa, na mke akafa. Onyo hilo lilitolewa wakati penisilini ilikuwa bado ni kitu cha ajabu, na watu hawakulisikiliza sana.

Haikuchukua muda. Katika hospitali ya Hammersmith mjini London daktari Mary Barber alipima stafilokoka walizopata wagonjwa. Mwaka 1946 katika kila 100 kama 14 zilikuwa hazisikii penisilini; mwaka 1948 zilikuwa zaidi ya nusu. Wataalamu wakatafuta dawa mpya isiyovunjika, nayo ni methisilini, iliyotokea mwaka 1959. Mwaka 1961 Patricia Jevons wa Uingereza akatangaza kwamba ameona stafilokoka zisizosikia hata methisilini. Miaka miwili tu! Aina hiyo ndiyo iliyoenea katika hospitali za dunia, na ndiyo inayowasumbua madaktari mpaka leo.

Nani amezoea dawa?

Watu wengi husema, "Mwili wangu umezoea dawa hii." Maneno haya hayana ukweli, nayo yamewapoteza wengi, kwa sababu mtu husadiki kwamba shida ni yake peke yake. Anayezoea ni kijidudu, na kijidudu hicho huhama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Kwa hiyo mtu asiyekunywa dawa hata siku moja maishani mwake aweza kuugua ugonjwa usiosikia dawa.

Mfugaji atalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Ng'ombe wakiogeshwa kwa dawa ya kupe iliyotiwa maji kupita kiasi, kupe dhaifu hufa, na wale wachache wenye nguvu ya asili hubaki, wakataga mayai, na baada ya misimu michache boma zima lina kupe wasiojali dawa. Hapana kupe aliyekaa akajifunza. Waliobaki ndio waliozaa. Vijidudu vya usaha hufanya vivyo hivyo, ila uzazi wao si wa misimu, ni wa nusu saa. Tena vina hila moja ambayo kupe hawana: kimoja chaweza kumgawia jirani yake ile siri ya kuishinda dawa, kama jirani amwazimavyo jirani jembe.

Siri zenyewe ni za namna mbili kubwa. Penisilini na jamaa zake huua kwa kuwazuia mafundi wanaojenga ukuta wa kijidudu. Ukuta usipojengwa, kijidudu hupasuka. Siri ya kwanza ni kutoa kitu kama mkasi kinachoikata dawa kabla haijafika kwa fundi. Methisilini ilitengenezwa makusudi ili mkasi huo usiikate. Siri ya pili ni kubwa zaidi: kijidudu huleta fundi mwingine mwenye mkono wa umbo jingine, ambao dawa haiwezi kuushika, na ujenzi unaendelea. Ndiyo sababu stafilokoka isiyosikia methisilini haisikii pia amoksilini, wala flukloksasilini, wala sindano ya seftriaksoni itumikayo sana katika hospitali za Kenya. Zote ni ndugu wa mbari moja.

Hali ya Kenya

Mwaka 1996 na 1997 stafilokoka za wagonjwa zilipimwa katika hospitali 8 za Afrika pamoja na za kisiwa cha Malta. Nijeria, Kenya na Kameruni zilionekana na kati ya 21 na 30 katika kila 100 zisizosikia methisilini. Lakini uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2014, wa hospitali mbili za binafsi mjini Nairobi, ulikuta hazifiki 4 katika 100. Msomaji asidhani kwamba mmoja kati ya hao alikosea. Kila hospitali ina vijidudu vyake, kulingana na dawa zinazotumika humo na jinsi usafi unavyotunzwa, na hesabu ya Nairobi haiwezi kumwongoza daktari wa Nyamira aliye mbele ya mgonjwa wake. Hana budi kupima vijidudu vya hapo hapo alipo.

Chukua mfano wa mama aliyejifungua kwa kupasuliwa. Anarudi nyumbani siku ya tatu au ya nne, mtoto mzima, furaha tele. Siku ya saba kidonda kinauma, kinatoa maji, na mwili una homa. Jamaa wanakwenda dukani kununua vidonge vya rangi mbili, vya siku mbili tu kwa kuwa fedha hazitoshi. Homa inapungua kidogo, kisha inarudi. Anapofikishwa hospitali ameshika ukuta, hawezi kunyonyesha vizuri, na kidonda kimefumuka. Daktari asiyepima hana la kufanya ila kubahatisha, akampa sindano ile aliyozoea kuwapa wote. Kama kijidudu ni cha ile aina ya pili, siku tatu zinapita bure, na katika ugonjwa wa damu siku tatu ni nyingi mno.

Kipimo si cha ajabu. Muuguzi huusafisha mdomo wa kidonda, kisha huchukua usaha wa ndani kwa pamba safi ya kijiti, kabla mgonjwa hajapewa dawa mpya. Usaha hupakwa katika kisahani chenye chakula cha vijidudu na kuwekwa katika joto kama la mwili. Kesho yake vijidudu vimeota. Hupakwa tena katika kisahani kingine, na juu yake huwekwa vikaratasi vidogo vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Siku inayofuata huonekana duara tupu kuzunguka kikaratasi cha dawa iuayo, na mahali ambapo dawa imeshindwa vijidudu vimeota mpaka kando ya kikaratasi. (Kwa kuijua ile aina ya pili hutumika kikaratasi cha sefoksitini, maana methisilini yenyewe haitumiki tena kutibia watu.) Kazi yote ni siku mbili au tatu. Jamaa wa mgonjwa wanayo haki ya kuuliza, kwa adabu, kama usaha umepimwa, na daktari mwema hatachukizwa na swali hilo.

Kipimo kikionyesha kwamba jamii yote ya penisilini imeshindwa, ziko bado dawa nyingine, na mara nyingi moja au mbili za bei nafuu huwa zingali zinafaa. Ugonjwa ukiwa umeingia katika damu hutumiwa vankomaisini, nayo ni dawa ya dripu, ya gharama, na figo za mgonjwa hutazamwa wakati wote inapotumika. Mwaka 2002, katika jimbo la Michigan, Marekani, ilionekana stafilokoka iliyoishinda hata hiyo, ingawa kwa bahati njema aina hiyo imebaki kuwa adimu sana.

Mikono

Kijidudu hiki hakina mbawa. Kutoka kitanda hata kitanda hubebwa hasa na mikono ya watu: ya daktari anayefungua vidonda katika wadi, ya muuguzi mwenye wagonjwa 40 na bomba moja la maji, ya mwanafunzi wa uuguzi, na ya jamaa waliokuja kumtazama mgonjwa na kumsaidia kugeuka. Glavu hazisaidii kitu kama mtu atazivaa zile zile kwa wagonjwa watatu. Sabuni na maji huondoa kijidudu, na spirti ya kupaka mikononi hukiua kwa nusu dakika hivi, nayo hufaa sana mahali ambapo maji hukatika. Dripu na mpira wa mkojo havina budi kuondolewa siku ile visipohitajika tena, maana kila kimoja ni mlango ulioachwa wazi.

Ziko nchi zilizokwisha kuyajaribu haya kwa bidii. Katika Uingereza, mwaka wa hesabu wa 2003 hadi 2004, watu zaidi ya 7,000 waliugua ugonjwa wa damu kwa stafilokoka isiyosikia methisilini. Mwaka wa 2012 hadi 2013 hawakufika 1,000. Hapakuwa na dawa mpya ya miujiza katika miaka ile. Palikuwa na kunawa mikono, kutunza sindano za mishipani, kuwapima wagonjwa wanaoingia, na kila hospitali kutoa hesabu yake hadharani. Duniani kote hali si njema hivyo. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2022 ilionyesha kwamba mwaka 2019 watu kiasi cha 1,270,000 walikufa kwa sababu ya vijidudu vilivyoshinda dawa, na zaidi ya 100,000 kati yao waliuawa na aina hii moja ya stafilokoka.

Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na jambo hili mwaka 2017, na tangu mwaka 2013 hospitali za wilaya za zamani ziko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo fedha za visahani, za vikaratasi na za sabuni hujadiliwa karibu na mwananchi, katika mabaraza ya Kisii na Nyamira. Mara nyingi watu huwauliza wajumbe wao habari za majengo mapya na mashine kubwa. Ni vizuri kuuliza pia kama bomba la wadi lina maji.

Dukani na bomani

Kwa sheria ya Kenya dawa za namna hii hazipaswi kuuzwa bila cheti cha daktari. Wauzaji wengi hawaifuati sheria hiyo, na wanunuzi wengi hawataki waifuate. Mtu mwenye mafua hununua amoksilini, ijapokuwa mafua huletwa na virusi ambavyo dawa hiyo haivigusi hata kidogo. Kinachopata somo ni stafilokoka iliyokuwa imetulia puani mwake. Aliyeandikiwa dawa na daktari anywe kwa kiasi na kwa siku alizoambiwa. Siku hizo si lazima ziwe nyingi, maana imeonekana kwamba kwa magonjwa kadhaa siku chache zatosha. Lakini idadi ni ya daktari kuamua, wala si ya mfuko wa mgonjwa. Vidonge vilivyobaki visiwekwe katika kopo kwa ajili ya mtoto wa jirani. Na jipu dogo, mara nyingi, dawa yake ni kupasuliwa na mtu aliyefundishwa kwa chombo safi ili usaha utoke, bila kidonge chochote. Kulikamua kwa vidole ni kuvisukuma vijidudu ndani zaidi.

Jambo la mwisho huwahusu wenye ng'ombe wa maziwa, ambao ni wengi katika vilima hivi kwa kuwa mashamba ni madogo na ng'ombe hulishwa zizini. Ugonjwa wa kiwele, ambao hufanya maziwa kuwa na mabonge au damu, mara nyingi huletwa na stafilokoka hii hii, na mikono ya mkamuaji huihamisha kutoka chuchu hata chuchu kama ilivyo wadini. Wafugaji hujidungia penisilini wenyewe, sindano moja leo, nyingine baada ya siku tatu, halafu wakaacha. Afadhali aitwe mtaalamu wa mifugo, na ng'ombe mgonjwa akamuliwe wa mwisho, baada ya wazima. Maziwa ya ng'ombe aliyedungwa yana dawa ndani yake. Yasiuzwe wala yasinywewe na watoto mpaka ziishe siku zilizoandikwa katika karatasi ya chupa ya dawa.